Kigoda cha Makosa

Asubuhi ya leo vijana wamechoma tena waya nyuma ya ua wangu. Wanachoma mpira wa juu ili wabaki na shaba tupu, kisha wanaipeleka kwa wanunuzi wa barabarani. Moshi wake ni mweusi, una harufu ya tairi iliyochanganyika na kitu kitamu kilichooza, na ukishaingia ndani unakaa kwenye mapazia hadi kesho yake. Majirani hufunga madirisha. Mimi hufungua yangu. Nikikaa muda mrefu bila harufu hiyo naogopa nitaanza kusahau, na mimi sitaki kusahau. Padri mmoja aliwahi kuniambia kwamba kinyongo ni mzigo. Nilimjibu kwamba hata ndoo ya maji ni mzigo, lakini nani anaimwaga njiani kabla hajafika kwake?

Ninyi wa rika langu mliokulia Dilala, hapa Kolwezi, mnazikumbuka nyumba zile za kampuni, zilizopangwa mstari kama meno, kila moja na ua wa miti mifupi na bomba la maji nje. Mojawapo ilikuwa ya Kaku, babu yangu mzaa mama. Kaku alifundisha katika shule za kampuni mpaka akastaafu, na watu wote walimwita Mwalimu Mukendi, hata wale ambao hakuwahi kuwashikia chaki. Wazazi wake waliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya mgodi. Yeye mwenyewe alizaliwa hapa hapa, na Kasai aliijua kwa kusimuliwa tu, jinsi mimi nilivyoijua mbingu. Mimi nilipewa jina la mama yake, kwa hiyo aliniita "mama", na ingawa nilikuwa bado mtoto wa shule ya msingi, nilijiona mtu mzima sana kwa sababu hiyo.

Zamani kidogo mtoto wa Kolwezi hakuhitaji kujiuliza atakuwa nani. Kampuni ilimjibia. Wenye alama nzuri walikwenda ofisini, wenye mikono mizuri karakana, waliobaki wakashuka shimoni. Kisha kampuni ikaanza kuanguka. Unga wa posho ulipungua, ukaja uliojaa wadudu, halafu haukuja tena. Basi la wafanyakazi lilisimama likaota majani kwenye madirisha. King'ora cha zamu, ambacho mama alikitumia kujua saa ya kuweka bukari, ugali wetu, motoni, kilianza kulia siku kikipenda. Vijana waliomaliza shule walikaa kando ya barabara tangu asubuhi wakitupa vijiwe, na hakuna aliyewaambia waende wapi.

Hapo ndipo Kaku na rafiki yake Mwalimu Muteba walipoanza ile kazi yao ya barazani kwetu. Mwalimu Muteba alikuwa Mlunda wa upande wa Musumba, mwenyeji wa Katanga hii, naye amestaafu, na walikuwa wamefundisha madarasa yaliyopakana kwa maisha yao yote. Waligombana kuhusu kila kitu, kuanzia sarufi ya Kifaransa hadi namna ya kupika kisamvu, ambacho sisi tunakiita sombe. Jambo moja tu walikubaliana: kijana asiye na kazi lazima mtu mzima akae naye chini. Wakaweka viti viwili vyao barazani, na mbele yao kigoda kimoja kifupi cha mbao nyekundu, cha mgeni.

Kijana akija kutaka ushauri, hawakumuuliza anapenda kazi gani.

"Kila mutu anapendaka kuwa mukubwa," Kaku alisema. "Hiyo haisaidie kitu. Enda, leta kitu ulitengeneza na mikono yako, kikaharibika. Nionyeshe kosa yako."

"Juu ya nini kosa, Mwalimu?"

"Juu kitu kizuri unaweza kuiga kwa mwenzako. Kosa ni yako weye tu."

Basi vijana walileta makosa yao, mchana kweupe, majirani wakitazama na kucheka. Mmoja alileta kiti chenye mguu mmoja mfupi. Kaku alipima ile miguu mingine akaona ni sawasawa kabisa, akamwambia kwamba alichoka mwishoni, kwa hiyo atafute kazi inayoisha kabla ya saa sita. Msichana mmoja alileta mikate iliyoungua chini kwa sababu alikuwa akipiga gumzo na wanunuzi. Walimwambia aache kuoka, anunue mikate ya wenzake akaiuze. Hadi leo ana duka. Alikuja pia mwingine, mikono mitupu, akasema yeye hajawahi kukosea. Mwalimu Muteba alimtazama kwa huruma akasema, "Weye, mwanangu, uingie mu politiki." Walicheka hadi Kaku akavua miwani kujifuta machozi.

Donat alikuja na redio. Alikuwa mtoto wa mtaa wa pili, mrefu, mwenye macho yasiyotulia, na redio ile alikuwa ameifungua na kuifunga upya mwenyewe. Aliiweka juu ya kigoda, akachomeka waya kwenye umeme kabla Kaku hajasema neno. Ililipuka. Moto ulitoka chini yake ukachoma mbao, ukaacha alama nyeusi yenye ukubwa wa kiganja, na baraza zima likanuka mpira ulioungua. Mimi nilipiga makofi, nikidhani ni sehemu ya mchezo.

Kaku aliichukua ile redio ingali ya moto, akaichungulia tumboni.

"Waya umefunga muzuri," alisema. "Muzuri sana. Lakini haukungoja kuangalia mwisho. Kosa yako ni haraka. Utafanya kazi ya kuran, ya umeme, mwanangu. Kuran inafundishaka bantu ya haraka. Inabapiga."

Wala hakuishia hapo. Kesho yake alivaa koti lake la kustaafu, akatembea na Donat kwa miguu hadi karakana ya umeme, akamwomba mkubwa wa pale, ambaye Kaku aliwahi kumfundisha hesabu, amchukue kijana yule. Kampuni ilikuwa haichukui mtu tena. Walimchukua Donat kwa heshima ya Kaku. Tangu siku hiyo akawa wa nyumbani kwetu. Jumapili alikula bukari yetu, akakwangua chungu, akanibeba mabegani hadi bombani. Kaku alimwita "mwanangu" mbele za watu. Alama ile ya moto Kaku alikataa isipakwe rangi. Alisema ndiyo cheti cha Donat.

Sijui ni lini hasa maneno yalianza kubadilika. Mtoto husikia mambo kama mtu aliye chumba cha pili. Nilisikia sokoni kwamba sisi wenye asili ya Kasai ni bilulu, yaani wadudu, na kwamba wadudu hawaombwi kutoka. Nilisikia kwamba kazi zimeisha kwa sababu sisi tumezila. Shuleni msichana niliyekuwa nikikaa naye dawati moja alihamia nyuma bila kusema kwa nini. Nyumbani mama aliongea kwa sauti ya chini, na Mwalimu Muteba alikuja siku hizo bila ugomvi, jambo lililonitisha kuliko mengine yote.

"Mukendi, toka kidogo," alimwambia Kaku. "Enda hata Kasai, ngoja bantu bapoe."

"Niende kwetu wapi, Muteba? Kwetu ni hapa. Unajua mahali kitovu yangu kilizikwa? Nyuma ya ile hopitali."

Siku yenyewe ilikuwa ya jua kali. Mama alikuwa akitwanga sombe, redio ikiimba dirishani, mara ikanyamaza. Nilitoka nje nikaona Donat yuko juu ya nguzo ya umeme, mkanda kiunoni na vyuma vya kupandia miguuni. Nilifurahi! Umeme ulikuwa ukikatika kila mara siku zile, nami nikajua mtu wetu amekuja kuutengeneza. Nilikimbia ndani, nikachota maji ya mtungini kwa kikombe cha bati cheupe chenye ukingo wa buluu, nikaburuta kigoda hadi chini ya nguzo, nikamngoja.

Alishuka. Alipoona kigoda alisita, akakaa. Akanywa maji yote bila kupumua, akageuza kikombe tone la mwisho lidondoke, akanirudishia.

"Aksanti, mama," alisema, kwa lile jina alilosikia Kaku akiniita.

Nilikuwa bado nimesimama pale na kikombe, najisikia mtu wa maana, wakati kundi lilipokunja kona. Vijana wenye matawi ya miti na fimbo, wengine nikiwafahamu kwa majina, wawili walishawahi kukaa kwenye kigoda kile kile. Sikuelewa jinsi walivyojua milango ya kuingia, maana wenyeji na watu wetu tulichanganyika mtaa mzima na nyumba zetu zilifanana. Kisha niliona. Juu ya baadhi ya nyumba waya uliokatwa ulikuwa ukining'inia, na kundi lilifuata waya. Donat alikuwa amepita mtaa mzima tangu asubuhi akitutia alama. Aliinuka kwenye kigoda nilichomletea, akaenda kusimama mbele yao.

Kaku alitoka barazani na miwani yake.

"Donat, mwanangu. Ni weye umekata kuran?"

"Mwalimu, muende kwenu." Hakumtazama usoni. "Sisi batoto ya hapa tumengoja sana. Nyumba ni ya batoto ya hapa."

"Mi nilizaliwa hapa mbele baba yako azaliwe."

"Mwalimu, usinilazimishe. Kamata bitu yako, enda na batoto."

Kaku alirekebisha miwani. Halafu alisema yale yale aliyoyasema siku ya redio, kwa sauti ile ile ya mwalimu aliyeshika daftari la mtoto: "Haukungoja kuangalia mwisho."

Mtu mmoja nyuma alipiga kelele kwamba mzee analaani. Fimbo ikatoka sijui wapi, ikampiga Kaku kwenye paji la uso, miwani ikaanguka na kukanyagwa. Donat hakupiga. Aligeuka akaitazama nguzo yake. Nimewaza sana juu ya hilo. Kama angepiga, pengine ningemsamehe, kwa maana ghadhabu hupanda na kushuka. Lakini mtu aliyekunywa maji ya mtoto, akashukuru, akageukia nguzo, huyo nimsamehe kwa lipi? Watu husema shukrani ya punda ni mateke. Punda angalau hajatumwa shule.

Tulitoka na tulichoweza kubeba. Mama alibeba sufuria na mdogo wangu mgongoni. Mimi nilibeba kikombe, kwa kuwa kilikuwa mkononi mwangu na hakuna aliyeniambia nikiweke. Kigoda kilibaki chini ya nguzo.

Wale mliopita kwenye kituo cha treni cha Kolwezi wakati ule hamhitaji nieleze, na ambao hamkupita hamtaamini. Watu walilala chini ya mabehewa, chini ya vitenge vilivyofungwa kwa kamba, chini ya hewa. Treni ya kutupeleka Kasai ilisemwa kila siku na kila siku haikuja. Mvua ilikuja badala yake. Vyoo vilijaa, watoto wakaanza kuharisha, na asubuhi ungesikia mama fulani akianza kulia na wote tungejua ni kwa nini. Na upepo ukitoka Dilala, ulileta harufu ya waya unaochomwa. Mwalimu Muteba, aliyekuja kutuletea unga wa muhogo mpaka wenzake walipomtishia maisha, ndiye aliyetuambia. Donat alikuwa ameingia nyumbani kwetu. Nyaya alizozikata mtaani alizivuta zote, akazichoma nyuma ya nyumba yetu, pale mama alipopanda vitunguu.

Kaku bila miwani alitembea akipapasa. Nilidhani amekwisha. Lakini asubuhi moja nilimwona amekaa juu ya reli, mbele yake amesimama kijana mmoja amejiinamia, na nikasikia, "Nionyeshe kosa yako."

Alianza upya! Kituo kilijaa vijana waliokaa wakitazama reli, na yeye aliwaita mmoja mmoja. Alishika mikono yao kwa vidole, maana macho hayakumsaidia. Huyu alimpeleka kwa masista wa zahanati akabebe maji ya dawa. Yule, aliyeshona turubai vibaya lakini kwa uzi mdogo sana, alimpeleka kwa mafundi wa vitambaa. Mwingine alimweka afundishe watoto kusoma kwa kuandika kwa mkaa kwenye ubavu wa behewa. Jioni walikuja kumpa taarifa, wakanong'ona naye, wakasambaa tena kati ya watu.

Mimi nilitazama haya yote nikaelewa mara moja: Kaku anaunda jeshi. Kwa nini tena achague wenye nguvu, awashike mikono, awapange? Nilikuwa nimesikia Biblia ya kutosha kujua kwamba watu waliofukuzwa hurudi. Nililala nikiona jinsi tutakavyoingia Dilala, Kaku mbele, na jinsi Donat atakavyokimbia na vyuma vyake vya kupandia vikigongana miguuni. Furaha ile sijawahi kuipata tena, hata siku ya harusi yangu. Nilingoja kuitwa. Sikuitwa. Basi nikatafuta mpira wa ndani wa baiskeli, nikakata panda ya mti, nikajitengenezea manati. Juu ya behewa nikaweka kopo nikalibatiza Donat. Nilivuta, nikaachia, na jiwe likanipiga kidole gumba hadi ukucha ukawa mweusi.

Nilimwendea Kaku na kidole changu.

"Kaku, mi pia nataka kazi."

"Kazi gani, mama?"

"Ya kulipiza."

Nilingoja kofi, au sala. Kaku alisogea kidogo kwenye reli, akapigapiga kwa kiganja mahali pa kukaa.

"Ni kazi nguvu, hiyo," alisema, kama mtu anayezungumzia uuguzi au useremala. "Bantu mingi banaiharibisha. Nionyeshe kosa yako."

Nilimpa manati. Aliipapasa panda, akavuta mpira, akausikiliza, akashika kidole changu kilichovimba.

"Mupira ni muzuri. Muti ni muzuri. Lakini uliachia mbele ya kuvuta mupaka mwisho." Akaachia kidole changu. "Unajua ni nani alikuwaka na kosa sawa hii?"

Nilijua. Nililia kwa hasira kuliko nilivyolia siku tulipofukuzwa.

"Mi siko sawa na ye!"

"Kosa ni moja, mama. Haraka."

"Basi nifanye nini?"

"Ujifunze kungoja. Siku utajua kungoja muzuri, sawa mutu ya kuran mwenye kuangalia waya yote mupaka mwisho mbele ya kuwasha, ile siku utajiuliza kama ungali unataka hii kazi. Ukingali unataka, ufanye."

Akanirudishia manati, akakunja vidole vyangu juu yake. Mama anashikilia mpaka leo kwamba Kaku alikuwa ananibembeleza tu, kwamba alijua mtoto akiambiwa angoje husahau. Huenda. Mama hakuwa amekaa pale kwenye reli. Mimi niliyekaa nilisikia nimepokewa kazini.

Treni ilikuja hatimaye, mabehewa ya wazi yaliyozoea kubeba madini. Kaku alipanda akiwa anaharisha. Alikufa njiani, kabla hatujaiona Kasai yake ya hadithi. Treni ilisimama mahali pasipo na jina, porini, wanaume wakateremka wakachimba kwa masahani na kwa bati la paa, na dereva akapiga honi kabla hawajamaliza kufukia. Nilimwona mama akikimbia kurudi behewani na udongo mikononi. Sikulia. Nilikuwa nimeshika manati na kikombe, na nilikuwa nimeanza kazi.

Nilikulia Kasai, ambako walicheka Kiswahili chetu na kutuita watu wa Katanga. Nikawa mwalimu. Watu wetu walipoanza kurudi Kolwezi, nami nilirudi, kimya, na nikamkuta Mwalimu Muteba bado yu hai, mkavu kama kuni, barazani pake. Mbele yake kilikuwa kigoda chetu. Alisema kwamba wiki ile ile tuliyofukuzwa alikwenda kwa Donat akamwomba, "Unipatie ile kiti kidogo, mi ni muzee, nitaikala wapi?" Donat akampa, pamoja na viti viwili vya baraza, bila kuvitazama. Na miaka yote ile Muteba aliendelea kuwakalisha vijana juu yake peke yake, na kiti cha pili, cha Kaku, alikiweka kando yake kitupu.

"Ikala hapo," aliniambia akinionyesha kiti kile.

Alikufa mwaka jana. Viti na kigoda nilivihamishia kwangu, na barazani nimebaki mimi, kila Jumamosi, ingawa mimi sijastaafu bado, magoti tu ndiyo yamenitangulia. Nyumba yetu haikurudi. Donat anaishi ndani yake, na nimepita mbele ya ua ule mara nyingi nikiwa na mkoba wa sokoni. Nimeona amepanda maua pale penye vitunguu vya mama. Sijawahi kubisha. Wenzangu waliniambia niende mahakamani, ndugu yangu mmoja alitaka kwenda na vijana na fimbo. Niliwaambia hapana, hiyo ni haraka. Subira huvuta heri, wanasema. Yangu nilijua inavuta nini. Mtu mwenye watoto Kolwezi, siku moja atatafuta wa kuwashauri, na mtaa mzima utamwelekeza kwenye baraza moja.

Jumamosi iliyopita alikuja.

Alikuja na binti yake wa mwisho, msichana mpole wa miaka ya kumaliza shule. Amenenepa, nywele nyeupe, anaburuta mguu mmoja. Alinisalimu kwa heshima, "Jambo, mama mwalimu," bila kunitambua, maana nani humtambua mtoto aliyemletea maji? Aliketi kwenye benchi la pembeni. Msichana alikaa kwenye kigoda, akafungua kitambaa, akanionyesha taa ya sola aliyoitengeneza mwenyewe. Risasi ya kuunganishia waya ilikuwa imeyeyuka ikamwagika, plastiki imekunjamana. Nilimwuliza ilikuwaje.

"Nilikawia na chuma ya moto," alisema. "Nilikuwa naogopa kuitoa mbele haiyashika muzuri."

Kosa lake lilikuwa kungoja kupita kiasi. Nilimwangalia baba yake, nikamwangalia tena yeye, na nikampenda palepale, bila kutaka. Nilimwambia mikono yake ni ya kazi za umeme mdogo, redio na simu, kazi isiyotaka pupa, na kwamba nitamtafutia fundi wa kumpokea. Na nitamtafutia. Nitavaa koti nikatembee naye kwa miguu hadi huko, kama alivyotembezwa mwingine. Deni la baba yake halimhusu.

Donat aliinuka akiwa na furaha, akanyoosha mikono miwili kunishukuru.

"Aksanti mingi, mama mwalimu. Mungu akubariki. Sasa twende."

"Mutoto ameonyesha kosa yake," nilisema. "Weye bado. Ikala."

Alicheka kidogo, akidhani ni utani wa walimu. Msichana alimpisha. Donat aliinama, akajishusha polepole kwenye kigoda, mguu wake mbovu ameunyoosha mbele, na mkono wake ukashika ukingo wa mbao ili asianguke. Niliuona mkono ukisimama. Vidole vilikwenda huku na huku juu ya ile alama nyeusi, vikarudi, vikatulia.

Niliingia ndani. Nilichota maji kwenye mtungi kwa kikombe cha bati cheupe chenye ukingo wa buluu, uliobanduka sasa karibu wote, nikamletea kwa mikono miwili kama mtoto aliyefundishwa adabu. Alikipokea.

"Kunywa, muzee," nilimwambia. "Ile siku ulikunywaka yote."

Aliinua macho. Hapo alinitambua. Niliona uso wa mzee ukianguka mbele yangu, na nisiseme uongo kwenu, nilifurahi. Msichana aliuliza, "Papa, kuko nini?" Sikumwambia aende nje. Mimi pia nilikuwa mtoto, na siku ile hakuna aliyenitoa.

"Mama…" Donat alianza, kwa lile jina.

"Hapana. Usiombe musamaha bado. Anzia ku nguzo, mutoto asikie. Nionyeshe kosa yako."

Nje ya ua vijana walikuwa wanachoma waya, harufu ikatufikia barazani, hakuna aliyeinuka kuikimbia. Nilivuta kiti cha Kaku, nikakaa, nikaweka mikono mapajani. Jua lilikuwa bado juu, na mimi sikuwa na haraka.